Isale la Mama Godwin

Rahma alipopanda Mwika kuanza kidato cha kwanza, sketi yake ya shule ilikuwa imeshonwa ya kukulia, inakaribia kufagia vumbi. Kwao ni Rau, mjini Moshi, kwa baba yake Nurdin, fundi cherehani. Lakini mama yake ni mzaliwa wa huku juu, na Bibi Elisifa, mama wa mama yake, alikuwa amebaki peke yake tangu mzee wake alipofariki. Wakakubaliana mtoto asome sekondari ya kata, akae na bibi yake, wafaane.

Na kweli walifaana. Bibi ni Mlutheri wa kwaya, lakini ndiye aliyekuwa akimgongea Rahma mlango alfajiri.

"Amka mama, saa yenu ya kusali imefika."

Mtoto anatawadha, anatandika mswala wake sebuleni. Bibi naye yuko kitandani na Biblia. Wakishamaliza wote wawili ndipo chai inamiminwa.

Shuleni ndiko kulikokuwa kugumu. Masomo yamegeuka yote kuwa ya Kiingereza, na Rahma, ambaye shule ya msingi mkono wake haukukaa chini, sasa alikuwa anatazama ubao tu na kunakili. Tena wakubwa waliwaita wao wa kidato cha kwanza njuka. Njuka huchota maji, njuka hufagia, njuka hufyeka. Msimamizi wao alikuwa Calvin wa kidato cha pili, kijana mwenye mdomo.

"Wewe Rau, hilo kwanja unalishika kama mwiko wa pilau. Huku tunafyeka, hatupakui."

Wenzake wakacheka. Neno hilo likamkaa Rahma rohoni.

Siku ya usafi wakapelekwa kufyeka nyuma ya madarasa, mpaka pale shule inapopakana na kihamba cha Mzee Aminieli, shamba lake la migomba na kahawa. Rahma akaamua leo watamwona. Akainama, akafyeka bila kupumzika, akawaacha wenzake nyuma. Mpakani akakuta mimea imesimama imeshikana, ina majani marefu ya kijani, mizuri kama maua ya bustani. Akaona ni kichaka, akakilaza chote. Akanyanyuka anajifuta jasho, akingoja Calvin aseme kitu.

Calvin alikuwa anayatazama majani yaliyolala chini.

"Umekata isale," akasema mwishowe, polepole.

"Si majani tu?"

Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja ndiye aliyemnong'oneza kwamba isale halikatwi ovyo. Hupandwa mpakani, na hupandwa kaburini, na hapo penyewe kuna kaburi, la mke wa Mzee Aminieli, Mama Godwin. Rahma akatazama vizuri, akaona mawe yamepangwa chini ya majani aliyoyalaza. Kwanja likamtoka mkononi.

Mzee mwenyewe alikuja jioni. Hakugomba. Aliokota mashina moja moja, akayabeba begani kama mtu anayebeba kuni, akaondoka. Kesho yake njia ya miguu inayopita kihambani mwake ilikuwa imezibwa kwa matawi.

Njia hiyo ndiyo waliyopita watoto wote wa upande wa juu, miaka na miaka. Sasa ikabidi wazunguke barabara ya gari, wafike wamechelewa, wapigishwe magoti. Mwalimu mkuu akapeleka sukari na maneno mazuri, mzee akairudisha.

"Sikukatiwa na mwalimu mkuu," ndivyo alivyosema.

Basi Rahma akawa hana rafiki. Kila aliyepigishwa magoti alimtazama yeye. Akaacha kula vizuri, mtori wa bibi yake ukawa unapoa bakulini. Siku moja bibi akamkuta anafunga begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Jumamosi nashuka. Sisomi tena huku, Bibi."

Bibi Elisifa akakaa kwenye kigoda. Aliitazama ile nyumba, akajiona humo peke yake tena.

"Ukitaka kushuka, utashuka. Lakini umemwomba msamaha Aminieli?"

"Mwalimu alikwenda."

"Nimeuliza wewe."

Rahma akaliachia begi. Bibi akamweleza kwamba hapa mtu akikosa kosa kubwa huenda na jani la isale, amelifunga fundo, na anayeletewa hawezi kulikataa. Rahma akaogopa. Je, kwao Waislamu si dhambi hiyo? Akaomba simu, akampigia baba yake, akamweleza yote. Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Jani ni salamu ya watu wa huko," Nurdin akasema. "Wewe usiliombe jani, muombe mzee, na moyoni muombe Mungu. Na kitu kingine, mwanangu. Nyumbani utarudi ukitaka. Ila usirudi kwa kukimbia."

Bibi akamwongoza hadi nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la babu yake.

"Chuma hapa."

"Tena nikate?"

"Hili ni la babu yako, anakupa. Chuma kwa mkono."

Mzee Aminieli alikuwa anamlisha ng'ombe majani ya migomba bandani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

"Wa Bibi Elisifa. Ni mimi niliyekata. Sikujua, lakini nilikata. Nisamehe, babu."

Akanyoosha mikono yote miwili na lile jani lenye fundo juu yake. Mzee akayaweka chini majani ya migomba.

"Nimekungoja," akasema. "Nikasema watakuja wazee, watakuja walimu, huyo mwenyewe watamficha."

Akalipokea. Akamwita nyuma ya banda, na huko, ndani ya ndoo ya maji, yale mashina yalikuwa yamesimama, hata moja halijakauka.

"Hili halifi upesi. Nilikuwa namngoja wa kulipanda."

Wakapanda pamoja. Rahma alishindilia udongo kwa viganja, mzee akimwelekeza wapi Mama Godwin, enzi za uhai wake, alipenda lisongamane.

"Na shule inaendaje?"

"Sielewi, babu. Kiingereza kitupu."

Mzee akacheka kidogo. "Mimi nilianza shule sijui hata Kiswahili. Nyumbani ilikuwa Kichagga tu. Mwalimu akisema simama, mimi nakaa. Sasa unanisikia ninavyokisema?"

"Nakusikia."

"Basi."

Kesho yake matawi yalikuwa yameondolewa. Calvin akapita wa kwanza, akageuka.

"Njuka wa isale, tangulia wewe. Wenye shamba wanakujua."

Rahma akatangulia. Begi bibi alilifungua mwenyewe, akazitundika nguo msumarini.

Mwaka ukaenda. Kiingereza kikaja kidogo kidogo, sketi ikapanda kutoka chini. Januari nyingine ilipofika, njuka wapya waliletwa nyuma ya madarasa na makwanja yao, na msimamizi wao alikuwa Rahma. Mpakani isale lilikuwa limechipua, mzee yuko ng'ambo anapogoa kahawa.

"Mwisho wenu ni hapa," akawaambia. "Hapa kuna mama amelala. Msalimieni huyo babu kwanza, halafu tuanze kazi."