Kopo Moja la Unga Mwekundu

Jua halijapanda juu ya jukwaa la uwanja, na Shangazi anatwanga. Mchi unapanda, unashuka, na vumbi jekundu la rosela linamkaa kwenye nyusi. Pembeni, juu ya kitambaa, simu yake imelala kifudifudi. Inatetemeka. Mchi unasimama hewani.

Ni mteja tu, anauliza kama unga wa manjano umebaki. Shangazi anamjibu, anakata simu, kisha anakaa kitako kwanza kabla ya kuendelea.

"Ikilia tu, nashtuka," anasema. "Hata yakiwa matangazo ya kampuni ya simu."

Mjane huyu wa makamo huuza unga wa mimea kwa wanariadha. Kibanda chake kiko mgongoni mwa uwanja, pale wakimbiaji wanapovulia viatu. Rosela, tangawizi, manjano, bitiruti, majani ya mlonge: anakausha, anasaga, anachanganya, anafunga kwenye makopo. Wao hukoroga kwenye maji baada ya mazoezi, wakiamini misuli itapoa haraka. Kocha wao huviita viungo hivyo antioksidanti, yaani vya kulinda mwili. Yeye huviita vyekundu na vya kijani, na haahidi miujiza.

"Sijawahi kumwambia mtu kuwa atashinda," anasema. "Namwambia kesho utashuka ngazi bila kushika ukuta. Kukimbia akakimbie mwenyewe."

Jina la Shangazi lilianza kwa mtu mmoja. Binti wa marehemu kaka yake, ambaye amemlea tangu akiwa mdogo, ni mkimbiaji wa mita elfu tano. Wanamwita Kishada, maana utotoni alikuwa akifukuza vishada mpaka vinamshinda kwa kupaa tu. Uwanja mzima ulimsikia akiita "Shangazi", nao wakadandia. Siku hizi hata wazee waliomzidi umri humwita hivyo, naye huwauliza ni lini kaka yake aliwazaa.

Wiki chache zilizopita Kishada alishinda mchujo wa kuchagua timu ya taifa. Kabla jasho halijakauka, maofisa walimchukua akatoe mkojo wa kupimwa dawa zilizokatazwa. Ni utaratibu wa kawaida na hakuna aliyemshuku. Walipomuuliza anatumia nini, alijibu kwa fahari kwamba anatumia unga wa shangazi yake.

Majibu hayajatoka; yakitoka, habari itafika kwa simu. Shangazi anaogopa, na ana sababu.

Wanaosaga vitu kwenye mashine za mitaani wanajua kwamba mashine hubaki na unga wa aliyetangulia. Kwa hiyo mtu makini hutia kwanza konzi ya mahindi makavu, yapite, kisha unga wake wapewe kuku wa jirani. Wenyewe wanaita kufuta koo. Katika miaka yote ya biashara yake, Shangazi ameacha kufuta koo siku moja tu.

Siku hiyo, muda mfupi kabla ya mchujo, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi, foleni ya mashineni ilifika barabarani, watu wamenuna, kila mmoja akihofia utakatika tena. Zamu yake ilipofika, konzi ya mahindi ilikuwa tayari mkononi. Nyuma mtu akaguna kwamba kuna watu wanajifanya wamenunua mashine. Shangazi aliona aibu. Alirudisha mahindi kwenye mfuko, akamimina rosela, ile ile aliyokuja kuinywa Kishada.

Aliyemtangulia alikuwa Kifua, muuza unga wa kujaza misuli kwa wanyanyua vyuma. Baada ya mchujo, fundi wa mashine alimsimulia Shangazi kisa kimoja kama kichekesho: siku ile umeme uliporudi, alikuta kwenye chujio vipande vya zile karatasi za kung'aa za vidonge. Sasa wateja wa Kifua watanenepa, au watang'aa, fundi aliuliza. Shangazi hakucheka. Alimfuata Kifua na kumuuliza alisaga nini.

"Vitamini tu, Shangazi," Kifua alijibu, huku akipanga makopo yaliyokwisha kupangwa.

Tangu hapo hakanyagi mashineni. Anatwanga kwa mikono, bega limevimba, na mauzo yameshuka kwa nusu kwa sababu hawezi kutosheleza wateja. Unga wa siku ile aliukusanya kwa kila ambaye hakuwa ameumaliza, akiwadanganya kwamba umeingia unyevu, akaumwaga. Kopo moja ambalo halikuwa limefunguliwa alilisukuma chini ya kitanda.

Kopo hilo ndilo linalomnyima usingizi. Shoga yake anayeuza maji hapo uwanjani amemshauri alimwage chooni, maana bila unga hakuna ushahidi. Lakini kocha, ambaye Shangazi alimuuliza kwa kuzunguka kama anayeulizia jambo la watu wengine, alimwambia kwamba mwanariadha hujibu kwa kila kilichopita kooni mwake, awe alikijua au hakukijua. Kinachoweza kumpunguzia adhabu ni kuonyesha kilitoka wapi.

"Nikilimwaga, nimepona mimi," Shangazi anasema, sauti chini. "Nikilitoa, nani atanunua tena unga wangu? Lakini yule mtoto alikimbia kwa miguu yake. Leo achafuliwe na mkono wangu?"

Kishada mwenyewe bado hajaambiwa. Anatokea sasa hivi kwenye kona ya jukwaa, fulana imelowa, anatania kwamba kinu cha shangazi yake kinamwamsha kuliko jogoo. Ananyoosha mkono kupokea kikombe chake kama kila asubuhi.

Shangazi hampi. Anamwambia akae, kisha anamweleza yote, kuanzia umeme hadi karatasi za vidonge, macho yake yakiwa kwenye kinu. Kishada anageuka kumtazama. Jasho linamkauka usoni.

"Ulijua lini?" anauliza hatimaye.

"Baada ya mchujo. Ulichokunywa tangu hapo nimekitwanga mwenyewe, na maji nimechemsha mwenyewe."

"Na siku zote hizi ulikuwa unaniangalia tu?"

Shangazi anaupangusa mchi kwa ukingo wa khanga. Kishada anainama, anafungua kamba za viatu, anazifunga tena.

"Naogopa, Shangazi."

"Hata mimi, mwanangu. Lakini mficha uchi hazai."

Kishada anauliza kopo liko wapi. Chumba chao kiko ng'ambo tu ya barabara, na baada ya muda mfupi Shangazi anarudi nalo kifuani, limefungwa kwenye mtandio kama kichanga. Ameamua kumkabidhi kocha alipeleke likapimwe, hata kama majibu ya mkojo yatakuwa safi. Yakiwa safi, ndoto yake ni mashine ndogo ya kwake, isiyosaga cha mtu mwingine. Yakiwa mabaya, anasema, atasimama mbele ya hao maofisa na kuwaambia alichofanya.

Wanatembea wawili hadi kwenye mlango wa ofisi ya kocha. Simu inatetemeka tena mfukoni mwa Shangazi, na wote wawili wanasimama. Hapokei. Kishada anainua mkono kubisha hodi, lakini shangazi yake anaushika na kuushusha taratibu.

"Ngoja niseme mimi," anamwambia. "Wewe ulikunywa tu."