Ukoko Haukuandikwa

Jikoni mwa hospitali walimwita Mama Hauungui. Miaka kumi na minne alikuwa anapika pale, na wali wake haukuwahi kushika chini hata siku moja. Sufuria yenyewe mtoto wa miaka mitatu angeweza kuogea ndani na nafasi ikabaki, na moto wa gesi ulivuma kama una ugomvi na mtu. Lakini yeye alijua lini apunguze, lini afunike, lini apitishe mwiko pembeni. Wali ukishapakuliwa, chini ya sufuria paling'aa kana kwamba hapakupikwa kitu.

Sufuria zilikuwa tatu. Moja ya wagonjwa wa kawaida, moja ya wenye sukari, na ya tatu, iliyofungwa kitambaa chekundu kwenye kifuniko, ya wale waliokatazwa chumvi. Alianza kazi saa kumi na moja alfajiri, akatoka saa tisa mchana. Chakula chake alikula amesimama, sahani juu ya pipa la mchele, jicho kwenye moto.

Siku moja mwenzake, mmenya viazi, alimuuliza, "Shoga, leo umekula nini?"

Akafikiri. Sahani ilikuwa bado mkononi, tupu. Hakukumbuka.

"Wewe huli," mmenya viazi akacheka. "Wewe unajaza ndoo."

"Si imejaa? Tumbo halina macho."

"Na ulimi je?"

"Ulimi wangu ni wa kazi, dada. Ikifika saa hizi umechoka kama miguu."

Basi ndipo mama yake alipougua. Moyo ulichoka, miguu ikavimba hadi ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Alilazwa wiki mbili, akarudi nyumbani na karatasi ya daktari: chumvi hapana, mafuta hapana, vya makopo hapana, ale kidogo kidogo mara nyingi. Uvimbe uliisha, lakini mwili nao ukaanza kuondoka. Kila Alhamisi walikwenda kliniki kupima uzito, na kila Alhamisi mshale ulirudi nyuma. Mara ya mwisho daktari alisema bila kuficha, "Akipungua tena wiki ijayo, namlaza."

Njiani kurudi, mama alisema neno moja tu. "Wadi ile sirudi. Nikifa, nife nikitazama ukuta ninaoujua."

Mama Hauungui alifanya alilolijua. Alibandika karatasi ya daktari mlangoni. Alinunua sahani yenye vyumba vitatu, sawasawa na za wadini: wali upande huu, mboga upande huu, kipande cha kuku aliyechemshwa upande ule. Asubuhi aliacha sinia limefunikwa. Akirudi, saa kumi kamili, kabla hata hajavua viatu, alipakua tena upawa mmoja na nusu, akapeleka chumbani kwa mama, pale kwenye kiti cha dirishani.

"Kula, mama. Nafanya kazi kidogo, narudi kuchukua sahani."

Akirudi sahani ilikuwa tupu, imefutwa safi. Moyo ukamtulia. Lakini vifundo vya mikono ya mama vilizidi kuchomoza. Kila alipomsaidia kuvaa gauni, alishika mifupa.

Jumatatu hiyo alikuwa anaanua nguo nyuma ya nyumba pale jirani yake, mfuga kuku, alipomwita toka ng'ambo ya ua.

"Jirani, ahsante jamani!"

"Ahsante ya nini?"

"Hawa kuku. Tangu mwezi uanze wananenepa kama wana shangazi jikoni. Jogoo ndiye balaa. Ikifika saa kumi yuko chini ya dirisha la mama, shingo juu. Anajua saa kuliko mimi!"

Mama Hauungui alibaki na kanga mbichi mkononi. Halafu akaingia ndani taratibu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mama. Alitaka kugomba, ila nguvu za kugombea hakuwa nazo.

"Mama. Kuku?"

Mama alitazama dirishani. "Wana moyo mzuri sasa, wale. Hawajui hata chumvi."

"Mama, zimebaki siku tatu tu Alhamisi ifike! Chakula ni dawa, nakuambia kila siku."

"Dawa nimekunywa asubuhi, vidonge vinne. Nilikuwa nangoja chakula."

"Na hiki ninacholeta?"

"Hiki kinaletwa kwa kitanda namba saba." Mama akamgeukia. "Unakuja na sinia, hukai. Unarudi kuchukua sahani kama mtu wa zamu. Siku moja ulinifunga na kitambaa shingoni, nikajua sasa unanipima na joto."

Mama Hauungui alicheka bila kutaka.

"Unataka nini, mama? Chumvi sikupi, hata ulie."

"Nani kakuomba chumvi? Nataka ukoko."

"Ukoko?"

"Ule wa chini. Tangu uanze kupika huko kwenu, humu ndani sijasikia sufuria ikikwanguliwa."

Akakumbuka. Alikuwa na miaka sita, saba. Wali ukishapelekwa mbele, baba na wageni wakila na kuzungumza, mama alikuwa anarudi jikoni, anakaa chini, miguu ameinyoosha, sufuria katikati yao. Anakwangua kwa kijiko cha bati, hiki chako, hiki changu. Wali ulikuwa wa watu. Ukoko ulikuwa wa wao wawili. Mama hakuwa na jingine la kumpa siku nzima, kazi zilimmaliza, lakini ukoko alimpa.

Akaenda mlangoni, akasoma karatasi ya daktari toka juu hadi chini. Chumvi iliandikwa. Mafuta yaliandikwa. Ukoko haukuandikwa.

Jioni hiyohiyo akapika wali mweupe kwenye sufuria ndogo, akamleta mama jikoni kwenye kiti. Lakini mkono una mazoea yake. Maji yalipokauka tu, mkono ulipunguza moto wenyewe. Alipopakua, chini paling'aa.

Mama alichungulia, akacheka hadi akakohoa. "Umelogwa wewe! Hata kuunguza hujui?"

"Nimesahau."

"Pika mwingine. Halafu uje ukae hapa, mikono chini ya mapaja. Ukinyanyuka nakupiga."

Akapika mwingine, akakaa kwenye kibao, mgongo ukutani. Harufu ilipoanza, ile harufu ambayo kazini ingemfanya akimbie, alishtuka.

"Tulia," mama akasema.

Akatulia. Miguu ilikuwa inapwita. Alifumba macho kidogo tu, ili asiione sufuria.

Kilichomwamsha ni mlio. Kwaru, kwaru, kwaru. Alidhani bado ni mtoto. Akafumbua macho, akaona kiti cha mama kitupu. Mama, ambaye kwa wiki tatu hakuwa amesimama bila kushikwa, alikuwa ameshaepua sufuria na kuzima moto. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, anakwangua.

"Mama! Umeinukaje?"

"Ulikuwa unakoroma. Nikuachie uchome nyumba?"

Ukoko ulitoka vipande vikubwa, vya kahawia, upande mmoja mweusi tii. Ule mweusi mama aliuweka kando. Vingine alivibana na meno yake matatu, akavimung'unya, macho amefumba. Alimega tena, na tena. Halafu akanyoosha mkono.

"Hiki chako."

Mama Hauungui alishuka kwenye kibao, akakaa chini. Akatafuna. Ulikuwa mgumu, una uchungu kwa mbali, na baadaye ukaja utamu mdogo wa mchele ulioungua. Jirani alipita nje akiita kuku wake walale. Baada ya ukoko, mama alikula na wali wa juu, vijiko tisa, na mboga juu yake.

Jumanne wakafanya vilevile. Jumatano vilevile.

Alhamisi muuguzi alitazama mshale, akainama, akatazama tena. "Haujapanda, bibi."

"Haujashuka," mama akasema. "Andika."

Muuguzi akaandika. Daktari akasoma, akawapa Alhamisi nyingine.

Wakatoka polepole, mkono wa mama begani kwa binti yake. Getini wakapumzika. Mama Hauungui alikuwa amepika tangu alfajiri kabla ya kuomba ruhusa, na aliegemea nguzo, macho yanafumba yenyewe.

Mama akamtazama. "Leo we washa moto tu," akasema. "Kuunguza niachie mimi."