Sindano ya Mgongo Niliyoikataza

Mgongo mimi nauheshimu. Kwetu huku Othaya kikapu cha majani chai kinakaa mgongoni, kuni mgongoni, mtoto mgongoni. Ni ng'ombe tu anayejitembeza, na siku zingine hata yeye hukataa. Kwa hivyo mke wa kijana wangu alipoambiwa mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe, nilikuwa na neno moja la kumpa: wasikudunge mgongo. Jirani yangu alidungwa, ati mpaka leo akiinama shambani analia.

Muuguzi alituelezea polepole, siwezi kusema hakutuelezea. Sindano ya mgongo inatia ganzi kutoka kifuani kwenda chini, mama anabaki macho, anamsikia mtoto akilia. Hiyo ingine ni ya kulala kabisa. Hutumika ikibidi, lakini dawa yake inaweza kumfikia mtoto, atoke amelegea.

"Sisi tungependelea ya mgongo," akasema. "Mama, unaonaje?"

Mke wa kijana wangu akanigeukia. Aliniangalia mimi. Nikatikisa kichwa, mimi niliyeachia shule darasa la tatu.

"Nilale," akasema.

Nikakaa kwa benchi na flaski ya uji, nikitayarisha koo. Kwetu msichana hupigiwa ngemi, yaani vigelegele, mara tatu, mvulana tano. Na msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, yaani langu. Nilingoja tu kilio.

Mlango ukafunguka. Muuguzi akapita mbio na kitu ndani ya kitambaa cha kijani. Mkono mdogo ulikuwa unaning'inia nje, wa bluu. Hakuna sauti. Nikamfuata hadi kwa kioo. Wakamlaza chini ya taa ya joto, wakamfunika pua na mdomo, wakaminya mpira wa hewa, wakaminya. Kama ni msichana, nilikuwa naangalia jina langu likikataa kupumua.

Halafu kikohozi, kama cha paka. Halafu kilio. Flaski ikaniponyoka, uji ukamwagikia viatu vya watu.

"Ni ile dawa ya usingizi," muuguzi akaniambia. "Amechangamka sasa. Msichana."

Nikamuuliza, na mgongo wa jirani je?

"Cucu," akasema, yaani nyanya, "wewe ulidungwa?"

"Mimi? Wote niliwazalia nyumbani."

"Na mgongo hauumi?"

Wee! Unauma kila siku tangu mtoto wa pili. Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo.

Mama ya mtoto alizinduka baadaye akitapika, koo imekwaruzwa na mpira wa kupumulia aliotiwa akiwa amelala. Kitu cha kwanza akauliza, "Alilia aje?"

Ningeweza kudanganya.

"Hakulia," nikasema. "Mimi ndiye nilikukataza sindano, na akatoka kimya. Alilia baada ya kupuliziwa hewa."

Aliangalia ukuta.

"Basi akianza kubebwa," akasema kwa sauti iliyokwaruzwa, "atabebwa na huo mgongo wako, cucu. Wangu uliulaza wewe."

Ngemi nilizipiga hapo kando ya kitanda, tatu. Ya kwanza haikutoka.