Mji Mtupu wa Kasmiri

Kasmiri alikuwa na miaka hamsini na mitatu, goti moja bovu, na mji mmoja. Msicheke. Mji wenyewe haukuwapo Bariadi wala mahali popote mtu anapoweza kufika kwa miguu. Ulikuwa ndani ya kompyuta, kwenye mchezo wa ngome wanaoucheza watu wa dunia nzima kwa mtandao, kila mmoja na mji wake, wakishambuliana na kulindana mwaka mzima. Unalima ngano, unachimba mawe, unajenga ukuta, unafundisha askari. Halafu anatokea mtu usiyemjua, huko Uturuki sijui wapi, anakuja kubomoa. Ndiyo mchezo wenyewe huo. Mtu mzima mwenye wajukuu! Lakini ngoja kwanza umjue, ndipo useme.

Ilikuwa mwaka 2010. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, Bariadi tulikuwa bado tunahesabiwa watu wa Shinyanga. Kasmiri alifanya kazi kwenye stationery ya Esteria, mjane mwenye roho nzuri na ulimi mkali, karibu na stendi. Alitoa fotokopi, akapiga chapa barua za watu, akafanya laminesheni ya vyeti, na kuangalia kompyuta tatu za intaneti zilizoletwa kwa mbwembwe pamoja na dishi lililowekwa juu ya bati. Mbwembwe ziliisha wiki ya pili. Wateja walijaa siku matokeo ya mtihani yanapotoka, wakaangalia, wengine wakalia, wakaondoka. Siku zilizobaki Kasmiri alikaa na mashine zake peke yake, akisikiliza feni.

Mchezo alifundishwa na Constantine, fundi wa mashine za kuchambulia pamba, kabla hajahamishiwa Mwanza. Constantine alidhani mzee atachoka baada ya siku tatu. Mzee hakuchoka. Yaani kuchoka alichoka, maana alikuwa mtu aliyechoka tangu zamani, lakini hakuacha. Kila asubuhi alifungua duka, akawasha kompyuta ya pembeni, akatazama mji wake kama mtu anavyotazama zizi lake akiamka. Miezi kumi na minne aliujenga. Alikuwa kwenye kundi la watu ishirini hivi walioahidiana kulindana, wakiongozwa na mama mmoja wa Poland. Alikuwamo pia Marcelo, mtu wa Brazili, ambaye kila sentensi yake ilikuwa na kicheko ndani. Wote walimwita Kasmiri "Nko," kwa sababu mji wake aliuita Nkololo na hakuna aliyeweza kulitamka jina zima.

Kwa nini Nkololo? Hapo ndipo penye kidonda.

Kasmiri alizaliwa Nkololo. Ujana wake wote alikuwa mpima pamba wa chama cha ushirika, na alikuwa mtu wa heshima, wakulima wakimvulia kofia. Kisha soko huria likaja. Tuliambiwa tufurahi, sasa kila mtu atanunua na bei itapanda. Ushirika ukayumba, mizani ikaota kutu, na Kasmiri akakaa nyumbani msimu mzima akiangalia mikono yake. Alipopata kazi kwa mnunuzi mmoja binafsi, kwenye kituo kidogo cha pamba pale pale kijijini, alishukuru Mungu. Bosi mpya alikuwa na sheria moja: mizani haiachwi. Ukiiacha hata nusu saa, kesho usije.

Basi siku moja mwaka 1998, saa kumi na moja na nusu jioni, mwano ukapigwa. Usiyejua mwano, ni yowe la hatari, na Msukuma akilisikia haulizi kitu. Kama unakula unaacha ugali, unachukua fimbo au upinde, unakimbia lilikotokea, na wewe unalipokea unalipeleka mbele mpaka kijiji cha pili walisikie. Huulizi ni kwa nani. Ukiuliza, ni kama unapima kwanza kama huyo mwenye shida anastahili kusaidiwa.

Kasmiri aliuliza. Mtu mmoja alipita mbio mbele ya kituo, naye akamwita, "Ni kwa nani huko?"

"Sijui! Kimbia!" yule akajibu bila kugeuka.

Kasmiri akatazama mizani, akatazama foleni ya wakulima ambayo tayari ilishaanza kutawanyika. Akajiambia wako wengi, mmoja asipokwenda haitajulikana. Akabaki. Akapima marobota mawili ya mwisho, akafunga, akafuata taratibu na giza likiingia.

Ilikuwa ni kwa Shija, kaka yake, tumbo moja. Ng'ombe kumi na saba walikwenda, zizi lote. Watu walikuwa wameziba njia zote isipokuwa kivuko kimoja cha mto, na kivuko hicho kilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye kituo cha pamba. Hapo ndipo wezi walipopita.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walimweka kikao. Kasmiri akasema upepo ulikuwa mkali, mwano hakuusikia vizuri. Aliapa. Hawakumwamini, wakamtoza ng'ombe na kumtenga misimu miwili: asisalimiwe, asipewe moto, mkewe asichote maji na wenzake. Alilipa, alivumilia, na muda ulipokwisha kijiji kilimfungulia. Wote walimfungulia isipokuwa mmoja. Shija akikutana naye mnadani alipita kama anapita karibu na nguzo. Kasmiri akahamia Bariadi, na miaka ikawa kumi na miwili.

Kwa hiyo ukimuuliza Kasmiri anataka nini duniani, hakuwa na orodha. Alitaka Shija amsalimie kabla mmoja wao hajazikwa. Ni hilo tu, na lilikuwa limemchosha kulibeba.

Ndiyo maana kwenye mchezo, mwenzake yeyote akiomba msaada, Kasmiri alituma askari. Sekunde hiyo hiyo. Yule mama wa Poland alimwonya mara nyingi: Nko, tazama kwanza shambulio ni la kweli au la kutisha tu, na bakiza walinzi nyumbani. Kasmiri alimjibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba kwao hawaulizi. Yule mama akaona ni ukaidi. Angejuaje, maskini?

Jumanne moja ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, ujumbe wa Marcelo ukaingia. Safari hii haukuwa na kicheko. Mashambulizi kumi na moja yalikuwa njiani kuelekea mji wake kwa wakati mmoja. Anaomba msaada.

Kasmiri akavuta kiti. Akatuma watupa mikuki, wapiga mishale, wapanda farasi, hadi wale walinzi wa ukuta. Akakagua kambi: sifuri. Akavuta pumzi.

"Baba Salu, chai inapoa," Esteria alisema kutoka kaunta, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Kuna mwano, bosi."

"Kuna mwano Brazili, na wewe uko hapa Bariadi na goti lako." Esteria akaguna. "Haya, waokoe Wabrazili."

Safari ya askari hao ilikuwa ya saa tano, na mchezo ule ukishatuma huwezi kuwageuza njiani. Kasmiri akaendelea na kazi. Saa saba mchana, akiwa amekaa chini kupumzisha goti, akaona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, ujumbe wa mama wa Poland: yale mashambulizi kumi na moja yalikuwa ya uongo, kila moja lina askari mmoja tu. Ni chambo. Wametutoa nyumbani. La pili, juu ya jina la Nkololo ngao nyekundu ilikuwa inawaka. Jeshi kamili lilikuwa linakuja kwake, na lingefika saa nane kasorobo.

Loh! Akapiga mwano wake mwenyewe, akaandika kwa kundi zima: nisaidieni. Majibu yakaja moja moja. Samahani Nko, askari wangu wako kwa Marcelo. Na wangu pia. Tuko mbali, hatuwahi. Marcelo mwenyewe akaandika maneno mengi ya majuto, lakini majuto hayajengi ukuta.

Esteria aliinama kutazama. "Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha."

"Miezi yote ile! Si uliambiwa uangalie kwanza?" Alitaka kuendelea kumsema, akauona uso wake, akaacha. "Mimi naenda benki. Kula kitu basi, jamani."

Alipotoka, Kasmiri akabaki anatazama saa ikihesabu kurudi nyuma. Dakika thelathini. Angeweza kuzima mashine akaondoka, lakini alihisi si haki kuuacha mji peke yake. Hakuwa hata na hasira. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule wa mtu aliyejaribu mara mbili, mara ya kwanza akakosea kwa kuuliza na mara ya pili akakosea kwa kutouliza.

Mlangoni pakawa giza kidogo. Aliyeingia alikuwa mzee mrefu, fimbo mkononi, viatu vya tairi vyenye vumbi. Alikuwa Shija.

Inasemekana mashine nyingine mbili za fotokopi pale mjini siku hiyo zilikuwa zimeishiwa wino, vinginevyo asingekanyaga pale. Hakusalimia. Aliweka karatasi juu ya kaunta, akaongea akiitazama mashine. "Nakala tatu. Kibali cha kuhamisha ng'ombe."

Kasmiri akasimama kwa shida. Akaiwasha mashine, nayo kwa ubovu wake ikaanza kunguruma na kupasha moto, kazi ya dakika nyingi. Shija akaangaza macho huku na huku ili asimtazame mdogo wake, yakatua kwenye kompyuta iliyokuwa inawaka nyekundu. Alisoma darasa la nne zamani. Akaunganisha herufi polepole.

"Nko-lo-lo." Akakunja uso. "Nini hiki?"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Kasmiri, ukiondoa zile nakala, kwa miaka kumi na miwili.

"Ni mji," Kasmiri alisema. "Wa mchezo. Ni wangu."

"Na hizo namba zinazokimbia?"

"Muda uliobaki wezi wafike."

Shija akasogea hatua moja. "Watu wako wako wapi?"

"Wamekwenda kwenye mwano. Kuna mtu alipiga asubuhi."

"Ndugu yako?"

"Hapana. Sijawahi kumwona hata uso."

"Uliuliza ni kwa nani?"

"Sikuuliza."

"Wamekwenda wangapi?"

"Wote. Sikubakisha hata mmoja."

Mashine ikawa tayari. Kasmiri akatoa nakala tatu, akazinyoosha, akazibana na kibali. Alitegemea Shija achukue aende zake. Shija alizichukua, akazikunja, akaziweka mfukoni, kisha akavuta benchi la wateja, akakaa. Kasmiri naye akarudi kwenye kiti chake. Wazee wawili, tumbo moja, wakatazama namba zikipungua. Dakika sita. Dakika nne. Nje mwuza karanga alipita akiita, hakuna aliyegeuka.

Saa ilipofika sifuri hakukuwa na moto wala kelele. Picha ya mji ilipotea, ikaja nyingine ya mawe yaliyolala, na chini yake mistari michache ya taarifa. Ukuta umevunjwa. Ghala limechukuliwa. Walinzi: sifuri.

"Hakuja mtu?" Shija aliuliza.

"Walikuwa mbali."

Shija akaguna. "Wewe hukuwa mbali."

Kasmiri alikuwa ameyarudia maneno yake ya kikaoni mara nyingi, upepo, upepo ulikuwa mkali, mpaka akaanza kuyaamini mwenyewe. Sasa aliyatafuta hakuyaona. Alikuwa amechoka mno kuyabeba.

"Sikuwa mbali, kaka," alisema. "Na upepo haukuwapo. Niliusikia vizuri kabisa. Nikauliza ni kwa nani, nikaogopa kazi, nikabaki na mizani. Nilijua wako wengi. Sikujua ni wewe, lakini hata hilo halinisaidii kitu, maana sikutakiwa kujua."

Shija alitazama yale mawe kwenye kioo kwa muda, midomo imebana, na jicho lake moja lilikuwa na maji. Inawezekana ni uzee. Kisha akajikongoja na fimbo yake, akasimama, akaweka hela ya fotokopi juu ya kaunta bila kuiangalia, akaenda mpaka mlangoni.

Pale mlangoni akasimama. Akageuka mzima mzima, miguu yote miwili, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

"Mwadila, Kasmiri," alisema.

Ndiyo salamu yetu ya mchana. Mtu huitoa akifika, haitoi akiondoka, na Shija alijua hilo kuliko mtu yeyote. Kasmiri aliinuka, goti na yote, akashika kona ya meza.

"Mwadila, kaka. Mwadila."

Esteria aliporudi kutoka benki alimkuta bado amesimama pale pale, analia bila kujificha, na kompyuta ya pembeni inaonyesha mawe matupu. Akatupa mkoba juu ya kaunta. "Ee Mungu, Baba Salu! Pole, pole sana. Mji wote?"

"Wote," Kasmiri alisema. "Shija amenisalimia."