Baraza la Tulia na Orodha ya Waliomo

Watu wa Tukuyu wanasema mkwe wangu Tulia aliikimbia kompyuta kama mtu aliyeona nyoka. Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage, na nitaeleza ilivyokuwa.

Tulia ni mke wa mwanangu Meshaki. Kwao ni Mpuguso, kuchapa alisomea Mbeya. Kiwanda cha chai kilipouzwa na Meshaki akapunguzwa kazi, yeye Tulia ndiye aliyefungua chumba pale chini ya stendi: kompyuta mbili, mashine ya kopi, na intaneti inayopita kwenye waya wa simu. Kutwa anawachapia watu barua za kuomba kazi ambazo hazipo. Mgongo unamuuma, macho yanamwasha, na akifika nyumbani bado ana kuni na ng'ombe.

Ameolewa kwetu Lufingo mwaka wa kumi na moja huu, na hajapata kuuona uso wa mume wangu, Ambindwile. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake anaingia migombani. Jina lake halitamki wala haliandiki. Siku hizi wengi wameacha, wanakaa na wakwe zao meza moja wakinywa soda. Shauri yao. Mimi baba mkwe wangu nilimzika bila kuujua uso wake, na sikupungukiwa kitu.

Ila kuna hili nalo, nalisema kwa kuwa ni kweli. Ukoo ukikaa kikao, Tulia yuko jikoni nyuma ya nyumba. Amesoma kuliko wote waliokaa mbele, na hana pa kutia neno.

Basi Hezron, mtoto wa mdogo wake mume wangu, anayekaa Dar es Salaam, akaleta habari. Ukoo umetawanyika, barua zinapotea, mtu anazikwa wenzake hawajui. Wanataka baraza kwenye intaneti, kila mmoja aandike neno lake huko aliko, wengine walisome wajibu. Tulia achague programu na mahali pa kuiweka, kisha awe mtunzaji wake. Jioni ile alipanda kilima chetu kama msichana. Nikajua: amepata pa kusemea.

Kuchagua kwenyewe kulimmaliza. Alianza na mahali pa kuiweka, nyumba za bure za kwenye intaneti, za Wazungu. Akaweka tangazo la msiba wa bibi Esnath kujaribu, na juu ya msiba pakatokea wasichana nusu uchi wanatafuta wachumba. Akafuta. Nyumba nyingine ikataka kadi ya benki, na sisi kadi tunayoijua ni ya kliniki. Akafikiri aiweke kwenye kompyuta yake mwenyewe palepale dukani, lakini umeme wetu ukisikia ngurumo tu unaondoka, na baraza lingefungwa kila mvua. Tukuyu mvua haina siku ya kupumzika.

Mwisho Hezron akapata kampuni ndogo ya hukohuko Dar yenye kupangisha nafasi. Tulia akanisomea masharti yao. Nikamuuliza, huyo mwenye nyumba akitugeuka, tunatoka na vyungu vyetu au tunaviacha jikoni kwake? Akaacha kuchapa, akanitazama.

“Mama, hilo hata Hezron hakuliuliza.”

“Hezron hajawahi kufukuzwa na mwenye nyumba.”

Akawaandikia. Wakajibu kwamba maneno yote ya baraza unaweza kuyachukua ukayahamishia kwingine siku yoyote. Ndivyo nyumba ilivyopatikana.

Ikabaki programu. Hezron alitaka ile nzuri, ya picha na rangi. Tulia akaiweka kwa siku nne, laini ikikatika anaanza upya. Siku ya kujaribu, Hezron alikuwa kwake Dar na mume wangu, aliyekwenda kutibiwa macho. Akamwandikisha mzee kwa jina lake. Huku Tulia akafungua baraza. Ile programu ina kawaida ya kuandika chini ya ukurasa majina ya walio ndani saa hiyo. Ikaandika: Waliomo sasa ni Mzee Ambindwile na Tulia. Hao wawili tu.

Tulia aliruka kwenye kiti. Akajifunika kitenge kichwani, akatoka nje kwenye mvua, akasimama nyuma ya ukuta ameinama. Wateja walicheka. Mmoja akasema mama, huyo mzee yuko Dar es Salaam, hatatokea humo kwenye kioo. Mimi sikucheka. Walikuwa chumba kimoja, na imeandikwa.

Hezron naye akapiga simu, akaelezwa yaliyotokea. Akasema kama ni hivyo, utunzaji apewe kijana mmoja wa Dar, Tulia apumzike. Tulia aliitikia tu, ndiyo, sawa, haina neno. Akaweka simu chini, akarudi kuchapa barua ya mtu. Baada ya mistari miwili akaacha kuchapa.

“Nilijua nitarudi jikoni,” akasema. Hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia.

Nikamwambia atafute programu isiyotaja waliomo. Akasema ipo, ya zamani, haina picha, maneno tu yanapangwa moja chini ya lingine, Hezron ataidharau. Nikasema Hezron sikuolewa naye. Nikachukua simu nikamtaka mume wangu.

“Baba Meshaki, ukikuta barua ya mkwe wako imebandikwa ukutani kanisani, na mwenyewe ameshaondoka, umekutana naye?”

Akakohoa. Yule mzee anapenda kukohoa kwanza ili uogope.

“Hapana,” akasema.

“Basi amepata ukuta wa namna hiyo. Asikabidhiwe mtoto wa Dar.”

“Mama Meshaki, wewe ukishikilia jambo…”

“Nimelishikilia.”

Akaniambia aweke huo ukuta.

Ile ya zamani ikaingia kwa siku moja. Lakini hapo mtunzaji ndiye anayeandikisha watu wote, na kwenye jina la mzee vidole vya Tulia vikagoma. Akatoka nje. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaziwinda herufi moja moja, kumi nzima. Ilichukua muda, wateja wakasubiri. Na wasubiri.

Neno la kwanza Tulia aliandika mwenyewe. Alisema kisima cha ukoo kimebomoka tangu masika, wanaochota ni wanawake, na kwenye vikao havijawahi kutajwa visima. Akatia jina lake.

Siku ya tatu pakawa na jibu, mzee kalisema, Hezron kaliandika: “Kwa mtunzaji wa baraza. Nimesikia habari ya kisima. Nikirudi nitaita watu.”

Tulia alilisoma bila kutikisika. Akaniuliza kama nimeliona, nikasema nimeliona. Akaegemeza kichwa mezani pembeni ya kompyuta, akalala hapohapo mchana kweupe, na mteja alipoingia kutaka kopi nikamwambia arudi kesho.