Malimau ya Mama Ngalula

Leo jirani yangu amelowa mvula kwa sababu yangu, na miye nilikuwa mu kitanda.

Kila mwezi tunaenda na Mama Ngalula ku hospitali kupima tension ya damu. Leo asubuhi mvula ikamwagika. Nikasema mu roho, na yeye hatatoka. Nikarudia kulala.

Kumbe alienda.

Mchana akagonga mulango, matope mupaka mu magoti. Kule hospitali dokta alimuita, yeye akakataa kuingia: «Tuko wawili, mwenzangu anakuja.» Wengine wakamupita. Amerudi bila dawa.

Akaniuliza: «Uko mugonjwa?»

Na kikombe cha chai mu mukono, nikajibu: «Niko na homa.»

Uzee huu wote, bandugu, na bado nadanganya kama mutoto.

Ameenda kunitafutia malimau. Mvula haijakatika.

Nimerudia mu kitanda, namungoja. Ungekuwa weye, ungemwambia nini akifika?