Plagi ya Bwana Dresa

Siku hizo za Mwingereza, pale Temeke, nilikuwa fundi wa kusifiwa mikono. Injini nilizojifunzia zilikuwa na hedi, vile vifuniko vya silinda, za chuma kizito, na plagi uliikaza mpaka spana ilie. Zilipoanza kuja pikipiki zenye hedi za alumini, ambayo ni laini, plagi zake nikazikaza vilevile. Hakuna aliyenionya, wala sikuuliza. Fundi mzima niulize nini?

Bwana dresa alikuwa akienda na pikipiki yake vijiji vya Pugu kufunga watu vidonda na kuchanja watoto. Asubuhi moja nilimbadilishia plagi, injini bado ya moto, nikavuta spana mara ya mwisho kwa majivuno tu. Mkono ukalegea ghafla. Plagi ikawa inazunguka bila kushika: hesi za tundu, yale mapindo inamojikaza, zilikuwa zimelika zote. La kuvunda halina ubani, nikajisemea. Nikaishindilia plagi na kumwacha aondoke. Spana ilikuwa ujinga. Huko kumwacha aondoke ndiko ninakokuonea aibu mpaka leo.

Adhuhuri akarudi anaisukuma, shati limemganda mgongoni.

“Fundi, nimeharibu mwenyewe,” akasema. “Njiani ilianza kutoa pumzi, nikaikaza kwa spana yangu, ikafyatuka. Mie na vyuma wapi na wapi! Kesho watoto wa watu wananingoja.”

Nikainama kutafuta vifaa. Nilipanua tundu, nikakata hesi mpya kubwa zaidi, chuma cha kukatia nimekipaka grisi ili unga wa alumini unase humo usidondokee kwenye silinda. Kila nusu mzunguko nilisimama. Ningekwenda upande, hedi ingekwisha, na hedi nyingine haikuwapo. Nikafunga humo bushi ya shaba, kibomba chenye hesi nje na ndani, niliyoikereza mwenyewe, na ndani ya bushi nikaweka plagi. Nikamwagia maji ya sabuni, nikapiga kiki. Hapakutoka povu; pumzi haikuvuja tena.

Akanishukuru sana, kisha akaniomba nimwonyeshe namna ya kukaza asije akaharibu tena. Nikamwonyesha: vidole kwanza, spana baadaye, kidogo tu. Alisikiliza kwa adabu.

Mpaka alipohamishwa, hakuthubutu kugusa plagi ile peke yake. Alikuja kuibadilishia kwangu, akinitaka nisimame karibu nimwangalie, na waliokuwapo akawaambia huku akicheka kwamba yeye ana mkono wa kuharibu.